Kampuni ya jumla inapopunguza wafanyakazi: la kufanya kuanzia tetesi hadi hesabu ya mwisho

Ukipewa barua inayosema kampuni "inapanga upya shughuli zake" na kwamba nafasi yako "huenda ikaathirika", bado hujaachishwa kazi. Watu wengi wa bohari na magari ya usambazaji Nairobi hawalijui hilo. Wanaisoma barua ile kama hukumu, wanatia saini pale walipoonyeshwa, na kufikia jioni wameshaanza kupigia watu simu kuuliza kama kuna nafasi Mlolongo au Athi River. Kumbe barua ya kwanza, kwa sheria ya Kenya, ni ya kufungua mazungumzo. Mwezi unaoifuata ndio pekee ambao kampuni inalazimika kukusikiliza kabla ya kuamua, na mara nyingi hupita mfanyakazi akiwa amenyamaza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeajiriwa katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa kwa jumla: karani wa stoo, dereva, tanboi (msaidizi wa dereva wa lori), mpakiaji, msimamizi wa depo, mwuzaji anayezunguka madukani na kitabu cha oda. Sheria inayotawala karibu kila kitu hapa ni Sheria ya Ajira ya 2007, na sehemu ya kuikariri ni kifungu cha 40.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi zako wakati bado ni tetesi

Biashara ya jumla huishi kwa faida nyembamba juu ya mzigo mwingi, kwa hiyo ikibanwa kidogo tu huanza kukata watu na magari. Maduka makubwa ya Nakumatt yalipoanguka, na baadaye ya Tuskys, wasambazaji waliachwa na madeni makubwa ambayo hayakulipwa. Siku hizi kubana kunakuja pia kwa njia za kimyakimya. Depo mbili zinapewa meneja mmoja. Malori yanabadilishwa jina na kuwa ya mwanakandarasi wa usafiri. Wateja wa Kamukunji na Nyamakima wanaambiwa waagize kwa simu, hata mwuzaji aliyekuwa akiwatembelea kila Jumanne hana la kuandika. Anayeondoka hajazwi nafasi yake. Ukiona mawili matatu ya hayo kwa pamoja, usingoje mkutano wa wafanyakazi wote.

Karatasi unazozihitaji ni zako mwenyewe: mkataba wa kwanza na barua zote za kubadilishiwa cheo au mshahara, karatasi za mshahara za miezi 12 iliyopita, fomu ya P9 ya kila mwaka inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, rekodi ya likizo, barua za pongezi na tathmini za kazi. Chukua pia taarifa ya michango yako ya NSSF, hazina ya taifa ya akiba ya uzeeni. Kama kampuni ilikuwa ikikukata na haipeleki, ni heri ulijue sasa kuliko siku ambayo ofisi imefungwa na mhasibu amehama. Piga picha, jitumie kwa barua pepe yako binafsi, weka nakala kwa mtu wa nyumbani.

Katika biashara hii kuna karatasi za aina ya pili ambazo wengi husahau, nazo ni zinazohusu mali na pesa za watu. Karani wa stoo aliyehesabu mzigo mwezi uliopita na kukuta uko sawa, awe na nakala ya hesabu ile yenye saini. Dereva na tanboi wawe na rekodi ya mizigo waliyopeleka ikapokewa na kugongwa muhuri. Mwuzaji awe na orodha ya ankara zake: nani amelipa, nani bado, na kamisheni ipi haijaingia. Sababu utaiona kwenye hesabu ya mwisho, pale kampuni itakapoleta "upungufu wa stoo" wa ghafla na kutaka kuukata kwenye malipo yako.

Lakini usivuke mpaka. Orodha ya wateja wote, bei za ununuzi na mikataba ya kampuni na viwanda si zako. Ukizibeba, unampa mwajiri sababu ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, na mtu aliyefutwa hivyo halipwi kiinua mgongo cha kupunguzwa. Namba za simu za wateja zinaangukia pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Na usijiuzulu. Nalisema peke yake kwa sababu ndilo kosa la bei ghali kuliko yote. Meneja atakuita pembeni, kwa sauti ya upole, akuambie kwamba "ukiandika mwenyewe jina lako litabaki safi". Aliyejiuzulu hajapunguzwa. Kifungu cha 40 hakimhusu tena.

Hatua ya pili: jua umeajiriwa vipi

Hapa ndipo watu wa bohari hutofautiana sana, hata wanaofanya kazi ileile kwenye mlango uleule.

Wa kudumu, mwenye barua ya ajira isiyo na tarehe ya mwisho, analindwa moja kwa moja. Mwenye mkataba wa muda, mkataba ukiisha kwa tarehe yake, kwa kawaida hapo hakuna upunguzaji. Lakini ukikatwa katikati kwa sababu nafasi imefutwa, utaratibu ni uleule wa kifungu cha 40.

Kibarua anayelipwa kila siku ndiye anayedanganywa zaidi. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na haki za notisi zinamfuata. Mpakiaji aliyepakia malori katika depo moja miaka minne, akilipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, anaambiwa "wewe ni wa siku tu, kesho usije". Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la kampuni au la msimamizi, wiki baada ya wiki, ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Chapisha taarifa yako ya M-Pesa ya miaka hiyo kabla hujabadilisha laini.

Kuna pia walioajiriwa na wakala na kutumwa kwenye bohari ya kampuni. Mwajiri wako ni yule aliyekupa mkataba na anayekukata PAYE, yaani kodi ya mshahara, na huyo ndiye wa kumwandikia. Ikiwa ulikuwa wa kampuni na sasa unaambiwa "uhamie kwa wakala, kazi ni ileile", elewa kwamba huko utaanza mwaka wa kwanza upya. Dai kwanza malipo ya miaka uliyoimaliza, ndipo uamue. Hali ni hiyo pia kampuni ikiuzwa: Kenya haina sheria inayomhamisha mfanyakazi moja kwa moja kwa mnunuzi pamoja na miaka yake, kwa hiyo muuzaji ndiye wa kukulipa.

Hatua ya tatu: isome barua ya kwanza kwa kalamu mkononi

Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe anayokusudia kupunguza watu, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji wenyewe. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, notisi inakwenda kwa chama. Kwa kampuni nyingi za biashara ya jumla hicho ni KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara, vyakula na kazi zinazohusiana nazo. Kama huna chama, unapewa wewe binafsi, kwa maandishi. Kwa hali zote mbili afisa wa leba wa eneo lazima aarifiwe. Tangazo ubaoni halitoshi, wala ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la depo.

Mahakama ya Rufani ililifafanua jambo hili katika kesi mbili ambazo kila wakili wa ajira Nairobi anazijua: ya Thomas De La Rue mwaka 2013 na ya Kenya Airways mwaka 2014, iliyotokana na upunguzaji mkubwa wa 2012. Kilichotoka humo, kwa lugha ya stoo, ni kwamba barua ni mbili. Ya kwanza inasema "tunafikiria kupunguza, sababu ni hizi", kisha panakuwa na mazungumzo ya kweli. Ya pili ndiyo inayomwachisha kazi mtu fulani, nayo ina notisi yake ya mwezi au malipo badala yake. Kampuni inayokukabidhi bahasha moja saa nane mchana na kutaka urudishe kadi ya geti saa kumi imeruka nusu ya njia.

Kwa hiyo angalia: tarehe ya barua na tarehe inayotajwa ya kuondoka, sababu iliyoandikwa, kwa kuwa "hali ngumu ya uchumi" bila maelezo zaidi ni sababu dhaifu, idadi ya nafasi au idara zinazoguswa, na kama imetaja kuwa afisa wa leba amepewa nakala. Tia saini ya kuipokea tu, uandike kwa mkono "nimeipokea", tarehe na saa. Hiyo haikufungi kwa lolote.

Hatua ya nne: utumie mwezi huo

Wengi huamini kampuni imeshaamua na kwamba mashauriano ni maigizo. Mara nyingine ndivyo. Hata hivyo maigizo yasiyo na maandishi yanamfaa mwajiri, na yenye maandishi yanakufaa wewe. Jaji hatasoma mawazo ya meneja. Atasoma uliuliza nini na ukajibiwa nini.

Sheria inataka uchaguzi wa wanaoondoka uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Haimaanishi kwamba aliyeingia mwisho ndiye huondoka kwanza kila mara, ila ule muda ni lazima upimwe. Kwa hiyo kama makarani watano wa stoo wanapunguzwa hadi wawili, kuna haki ya kuuliza walipimwaje. Ikiwa walioondolewa wote ni wanachama wa chama, au ni wajawazito, au ni wale waliolalamikia saa za ziada, hapo kuna tatizo jingine kabisa: kifungu cha 46 kinataja ujauzito, uanachama wa chama na kulalamika dhidi ya mwajiri miongoni mwa sababu zisizokubalika za kumwachisha mtu kazi.

Andika barua fupi ndani ya wiki ya kwanza. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, basi usizuiwe na Kiingereza cha kukopa. Mfano:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Kabla ya uamuzi wowote kuhusu nafasi yangu, naomba nielezwe kwa maandishi: sababu mahususi za kupunguza nafasi katika depo yetu, nafasi ngapi za kazi kama yangu zitabaki, na wapi, vigezo mlivyotumia kuchagua na jinsi mimi nilivyopimwa, nafasi nyingine zilizopo ambazo naweza kuhamishiwa, na nakala ya notisi mliyompa afisa wa leba. Niko tayari kukutana nanyi siku yoyote ya kazi."

Ipeleke kwa barua pepe, na nakala ya karatasi igongwe muhuri wa kupokewa. Kisha njoo na mapendekezo, maana anayelalamika tu ni rahisi kumpuuza. Katika usambazaji kuna njia ambazo mameneja huzikubali mara nyingi kuliko unavyodhani: kuhamia depo nyingine, hata kama ni Thika au Nakuru, dereva mwenye leseni ya lori kubwa kuchukua njia ya mbali, kuanza na wanaotaka kuondoka kwa hiari kabla ya kumgusa asiyetaka, kupunguza zamu kwa muda. Kupunguziwa mshahara pia kunaweza kujadiliwa, lakini kunahitaji kushauriana nawe na kukuarifu kwa maandishi. Ukiona karatasi ya mshahara imepungua bila wewe kuulizwa, pinga mwezi huohuo.

Mkutano ukiitwa, nenda na mwenzako au mwakilishi wa wafanyakazi. Baadaye jioni mwandikie HR, idara ya wafanyakazi, barua pepe ya mistari michache: "Leo tulikutana, mlisema hivi, niliuliza hivi." Wasipokanusha, umepata kumbukumbu ya mkutano bila kumwomba mtu.

Jihadhari na mchezo mmoja wa mabohari. Katikati ya mwezi huu inafanyika hesabu ya mali ya kushtukiza, katoni zinakosekana, nawe unapewa barua ya kujieleza. Jibu kwa maandishi, kwa muda uliopewa, ukiambatanisha ile hesabu yenye saini uliyoiweka. Kwa kifungu cha 41 una haki ya kusikilizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama kabla ya kuadhibiwa.

Hatua ya tano: piga hesabu yako kabla hawajaleta yao

Malipo ya lazima ni haya: mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, au zaidi kama mkataba wako unasema miezi miwili au mitatu, likizo ambayo hukuichukua, kwa pesa taslimu, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Makubaliano ya chama na kampuni yakitaja siku nyingi zaidi, hayo ndiyo yanayofuatwa.

Chukua karani wa stoo anayelipwa shilingi 42,000 kwa mwezi, aliyetumikia miaka 6 na miezi 7, ana siku 11 za likizo, na anaondoka tarehe 20.

Siku 20 za mwezi: 28,000.
Notisi ya mwezi mmoja: 42,000.
Kiinua mgongo: 42,000 gawa kwa 30 ni 1,400 kwa siku, mara siku 15 ni 21,000, mara miaka 6 ni 126,000.
Likizo: siku za likizo ni siku za kazi, kwa hiyo nagawa kwa 26, napata takriban 1,615 kwa siku, jumla 17,769.
Zote pamoja, kabla ya kodi: shilingi 213,769.

Sasa angalia pesa zinapovuja. Kwanza, kugawa kwa 30 au kwa 26. Kifungu cha 40 kinasema siku 15 za malipo bila kuonyesha namna ya kupata malipo ya siku. Ukigawa kwa 26, kiinua mgongo cha huyu karani kinakuwa takriban 145,385, tofauti ya zaidi ya shilingi 19,000. Tazama mkataba, makubaliano ya chama, na jinsi kampuni ilivyokuwa ikikokotoa saa za ziada. Kama ilikuwa ikigawa kwa 26 inapokukata siku ya kutofika kazini, iulize kwa nini leo inagawa kwa 30.

Pili, mshahara upi: wa msingi au wote pamoja na marupurupu? Kampuni nyingi hutumia wa msingi. Dereva ambaye nusu ya pato lake ni posho ya njia anaumia hapa, kwa hiyo alifungue jambo hili mapema mezani.

Tatu, miezi 7 ya huyu karani imepotea, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mwaka uliokamilika. Basi angalia tarehe uliyoajiriwa. Ikiwa mwaka wako unatimia wiki tatu baada ya siku wanayotaka uondoke, omba ufanye kazi kipindi cha notisi badala ya kulipwa na kuondoka papo hapo. Ombi la namna hii likija katika mwezi wa mashauriano, HR mara nyingi huona si la kugombania.

Nne, makato. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na upungufu wa pesa kwa mtu ambaye mkataba wake ulimkabidhi kupokea na kutunza pesa. Hakimruhusu kugawanya hasara ya depo nzima kwa wote wanaoondoka. Vilevile, deni la duka ambalo kampuni yenyewe iliidhinisha likopeshwe halibadiliki kuwa lako kwa sababu wewe ndiye uliyeandika oda. Mwuzaji asikubali kusaini kwamba "atawajibika kwa wateja wasiolipa". Aambatanishe orodha ya ankara, na adai kamisheni ya mauzo yaliyofanyika hata kama mteja atalipa yeye ameshaondoka, kwa kadiri mkataba wake unavyoruhusu.

Kuhusu kodi: PAYE itakatwa, lakini fidia ya kukatizwa ajira haipaswi kurundikwa yote kwenye mwezi mmoja ikatozwa kwa kiwango cha juu. Sheria ya Kodi ya Mapato ina utaratibu wa kuisambaza katika kipindi kinachofuata, kutegemea mkataba ulivyo. Mwulize mhasibu wa mishahara ameitumiaje, na aonyeshe kwa karatasi.

Hatua ya sita: usisaini siku hiyohiyo

Pamoja na cheki, au kabla yake, utapewa fomu inayosema umepokea malipo yako yote na hutadai tena chochote. Watu huambiana barazani kwamba fomu hizo hazina nguvu mahakamani. Si kweli. Katika kesi ya Coastal Bottlers ya 2018, Mahakama ya Rufani ilisema mfanyakazi aliyetia saini makubaliano ya namna hiyo kwa hiari yake alikuwa amejifunga, na dai lake likaanguka. Kwa upande mwingine, kesi ile ya Thomas De La Rue ilisema saini peke yake haimzuii jaji kuchunguza kama utaratibu ulikuwa wa haki. Kati ya hizo mbili, mtu mwenye busara haendi kucheza bahati nasibu.

Omba fomu uende nayo nyumbani kwa siku mbili tatu. Linganisha kila mstari na hesabu yako. Kama kuna lisilo sawa, andika kwa barua pepe nini hakiko sawa na kiasi gani. Pesa ambazo hazina ubishi, yaani mshahara wa siku ulizofanya na likizo, ni zako hata kama mnabishana kuhusu mengine. Mwajiri akizizuia ili upate kusaini, hilo nalo liandike, pamoja na jina la aliyekuambia. Ukilazimika kabisa kusaini kwa sababu kodi ya nyumba haingoji, andika juu ya saini yako "nimepokea kiasi hiki bila kuacha haki zangu nyingine", na ubaki na nakala. Si kinga kamili, ila ni afadhali kuliko saini tupu.

Kama umepewa fungu nono kuliko sheria inavyotaka, kwa mfano mwezi mmoja kwa kila mwaka, basi fomu hiyo ndiyo bei yake, na mara nyingi bei hiyo inafaa kukubaliwa. Kesi hula miaka.

Hatua ya saba: ondoka kwa mikono safi

Kabidhi kila kitu kwa orodha: funguo, simu na laini ya kampuni, mashine ya oda, sare, pesa za mauzo, kadi ya mafuta. Kila mstari usainiwe na anayepokea. Dai hati ya utumishi, ambayo kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kuitoa ikionyesha aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Si hisani, wala haitegemei kama mmeachana vizuri.

Hatua ya nane: nyumbani, wiki ya kwanza

Anza na mikopo. Mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara utaendelea kudaiwa, na benki ikiona mshahara haujaingia itaichukua ile pesa ya kiinua mgongo ikipita kwenye akaunti hiyohiyo. Nenda kabla haijaingia. Omba kuongezewa muda wa kulipa, na uliza swali ambalo maafisa wa mikopo hawalisemi wenyewe: je, mkopo huu una bima ya kupoteza kazi? Baadhi ya mikopo ya mshahara huwa nayo, ikalipa marejesho ya miezi kadhaa, lakini ina muda maalumu wa kudai na itataka ile barua ya upunguzaji. Kwenye Sacco, wakumbuke wadhamini wako. Wao ndio watakaopigiwa simu, na wengi ni wenzako wa depo ileile ambao nao wana barua mfukoni.

Bima ya afya isikatike. Michango ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilikuwa ikikatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sasa jisajili upya kama mtu asiye na mwajiri kwa *147#, ambako kiwango hupimwa kwa hali ya kaya na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Akiba ya NSSF kwa kawaida hungoja umri wa miaka 50 na kuendelea. Mpango wa pensheni wa kampuni ni tofauti: waandikie wasimamizi wake uulize kiasi unachoweza kutoa sasa. Nikiulizwa, nasema uihamishe badala ya kuila, kama unaweza.

KRA, mamlaka ya kodi, haijui kuwa huna kazi. Ripoti ya kodi ya mwaka bado inatakiwa kufikia tarehe 30 Juni, na faini ya kutowasilisha ni shilingi 2,000 hata kama hukupata kitu. P9 ya mwisho ichukue kabla mtandao wa kampuni haujakufungia.

Na ile pesa? Kila depo ina hadithi ya aliyenunua Probox au boda mbili wiki ya pili na kuziuza mwezi wa nane. Tenga kodi ya nyumba, karo na chakula cha miezi minne kabla ya kuzungumza na yeyote mwenye wazo la biashara, shemeji akiwamo. Ukitaka kuingia kwenye biashara unayoijua, yaani kusambaza, soma kwanza kama mkataba ulikuwekea masharti ya kutowafuata wateja wa kampuni, na kwa muda gani.

Hatua ya tisa: umedhulumiwa, uende wapi

Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa. Ni bure, na mara nyingi mwito wake peke yake humleta mwajiri mezani. Mahakamani una miaka mitatu. Aliyekuwa na mshahara wa jumla usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kesi za ajira tangu 2018. Wa juu ya hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, pale Milimani. Ukishinda, fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na kwa kawaida hutolewa chini ya hapo, kwa hiyo wakili anayekuahidi mamilioni kwa mshahara wa 42,000 mwogope. Asiye na uwezo wa wakili aulize Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria.

Kampuni ikifilisika njia ni nyingine. Upunguzaji wa mufilisi hauko chini ya kifungu cha 40, na mwandikie msimamizi wa ufilisi haraka, kwa maandishi, ukidai mishahara yako. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaiweka mishahara ya miezi minne ya mwisho kwenye madeni yanayotangulia, kwa kikomo cha shilingi 200,000 kwa mtu.

Baada ya kuondoka, endelea kuiangalia kampuni kwa miezi kadhaa. Nafasi yako ikitangazwa tena kwa jina jipya, au mtu akiajiriwa kwenye meza ileile kwa mshahara mdogo, hifadhi tangazo hilo likiwa na tarehe, na umwombe mwenzako aliyebaki akuandikie alichokiona. Kampuni ndiyo inayotakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba nafasi ilifutwa kweli, na tangazo la kazi ileile ni gumu sana kulieleza.